Jinsi ya kujenga ustaarabu wa kubuni kwa pamoja, kutoka jiwe hadi chuma

Huu ni mchezo wa mezani. Anzeni na ardhi, watu watafuata. Wachezaji wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi hapo, zamu inachelewa kurudi na wengine wanahamia kwenye simu. Andaeni karatasi ya manila, penseli, kifutio, dadu, daftari moja na kadi tupu 60.

Kila mmoja achore kitu kimoja kwenye ramani, zamu tatu mfululizo: mto, kilima, ghuba, msitu. Kisha pangeni malighafi. Udongo wa mfinyanzi na miti viwe vingi, mawe ya chuma yawe sehemu mbili, chumvi sehemu moja tu. Msigawe sawa kwa kila kijiji, maana kijiji kisichokosa kitu hakina sababu ya kusafiri wala kubuni.

Zamu moja ni miaka 20. Mchezaji anaweka kadi moja ya uvumbuzi na kuandika mambo manne: malighafi, moto, ujuzi uliotangulia, na nani anamlisha fundi akiwa kazini. Aliye kushotoni kwake ndiye mdadisi wa zamu hiyo. Kazi yake ni kuuliza "kinatoka wapi?" mpaka jibu liguse kadi iliyokwisha kuwekwa mezani.

Mfano, mtu ameleta jembe la chuma. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, moto ambao tanuru la udongo haliufikii. Lakini likipata mkaa na mivukuto likafika kama 1,200, mavi ya chuma (takataka za mawe yake) huyeyuka na kutiririka, na chuma chenyewe hubaki bonge lenye matundu la kufuliwa kwa nyundo. Kwa hiyo kabla ya jembe zinatakiwa kadi za mkaa, ufinyanzi (tanuru, na mirija ya kupitishia upepo) na ngozi za mivukuto. Tanuru la mkaa la kienyeji hula kilo 5 hadi 7 za kuni kwa kilo moja ya mkaa, basi kila zamu ya kuyeyusha, futeni kipande cha msitu. Kifutio kinafundisha zaidi ya hotuba.

Msilazimishe shaba itangulie. Sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara ilifua chuma bila kupitia enzi ya shaba, na wahunzi wa Kagera walikuwa kazini zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Panapoharibika mara nyingi ni kwa mjuzi mmoja kuamulia wote. Mwekeeni sharti: anauliza tu, hapendekezi kwenye zamu ya mwenzake. Kosa la pili ni kila uvumbuzi kufaulu. Rusheni dadu, ikitoka 1, fundi amekufa kabla ya kurithisha, na kadi inageuzwa kifudifudi mpaka mtu mwingine aigundue upya.

Mkibishana, msipige kura. Kijiji kigawanyike, kila upande ufuate njia yake, na daftari liandike mgawanyiko huo na zamu uliotokea.