Jinsi ya kulitumia neno la Kiingereza eyesore

Ukikutana na eyesore mara ya kwanza ni rahisi kudhani ni ugonjwa wa macho, sababu eye ni jicho na sore ni kidonda, lakini hapana, ni kitu kinachochukiza kukitazama, hasa jengo au sehemu inayoharibu sura ya mahali pazima. Linatamkwa ai-soo, mkazo kwenye ai, na linaandikwa pamoja.

Kabla hujalitumia jiulize, hiki kitu kinaharibu mandhari ya wapi? Ukipata jibu basi neno limekaa. Gofu la nyumba katikati ya mtaa msafi, lundo la takataka kando ya mto, bango kubwa linaloziba milima, zote hizo ni eyesore. Kitu kibaya tu ambacho hakiharibu chochote pembeni yake, ugly inatosha. Na mtu usimuite hivyo kabisa, ni tusi na linauma.

Wengi wanakosea hapa: eyesore ni nomino sio kivumishi, kwa hiyo usiseme “very eyesore”, sema “That building is an eyesore”, na ukitaka kukazia weka real, “a real eyesore”. Wingi ni eyesores.

Mfano mzuri ni Tour Montparnasse pale Paris, mnara wa mita 210 hivi uliofunguliwa 1973, watu wakalalamika sana kwamba umeharibu sura ya jiji mpaka 1977 ikawekwa sheria ya kubana urefu wa majengo mapya. Ukiandika “Many Parisians consider the tower an eyesore” umepatia, na hiyo consider ina kazi yake pale, maana neno hili ni maoni ya anayetazama. Mnara wa Eiffel wenyewe ulipingwa vikali na wasanii mwaka 1887 ujenzi ulipoanza, leo watu wanavuka bahari kwenda kuuona, kwa hiyo kwenye insha au ripoti taja ni nani anayeona hivyo.

Halafu usichanganye na “a sight for sore eyes”, hiyo ni kinyume chake kabisa ingawa maneno yanafanana. Ukiambiwa “You're a sight for sore eyes” usinune, mtu amefurahi kukuona.