Draivu ya tepu ya QIC: anza na roleri, kaseti ya maana iwe ya mwisho

Juzi jamaa yangu kaniletea draivu ya Archive Viper, ya kusomea kaseti za QIC (tepu ya robo inchi ya kuhifadhia data za kompyuta), na kaseti mbili za aina ya DC6150 zenye hesabu za duka la marehemu baba yake. "Chomeka tu tuone." Nikamwambia kaa kwanza. Mimi niliwahi kuchomeka tu, na mwenye kaseti ile hanisalimii mpaka leo.

1. Tafuta kaseti mbili tatu zisizo na kitu, za kufanyia majaribio. Ile ya maana ifungie kabatini.

2. Fungua draivu, tazama roleri ya mota. Mpira wake ukizeeka huwa kama lami, unanata kidoleni. Pima kipenyo chake kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kabla hujaugusa, kwani kipenyo ndicho kinachoamua kasi ya tepu: mpira ukiwa mnene, tepu inakimbia na draivu haisomi kitu. Kisha kwangua mpira huo kwa kijiti cha mbao (kisu kitachuna chuma), malizia kwa spiriti ya isopropili. Badala yake vika kipande cha mpira wa silikoni. Wapo wanaotumia zile plastiki za kufunikia nyaya, zinazosinyaa kwa moto. Mimi sizitaki, zinateleza.

3. Safisha hedi (sehemu inayosoma tepu) kwa spiriti hiyohiyo.

4. Hapa ndipo nilipokesha. Katika kaseti hizi, ncha za tepu hazikufungwa kwenye magurudumu yake, zimejizungushia tu. Draivu inajua tepu inaishia kwa kuona mwanga ukipenya vitundu vilivyotobolewa karibu na ncha. Mwanga huo unapitia kioo kidogo kilichomo ndani ya kaseti. Kioo kikiwa na vumbi, au jicho la draivu likiwa limefifia, mota haisimami na tepu yote inachomoka. Kwa hiyo futa jicho, futa kioo cha kila kaseti, halafu peleka na kurudisha kaseti ya majaribio mara kumi, mfuniko ukiwa wazi na mkono ukiwa kwenye swichi. Ikipitiliza hata mara moja, usiende hatua ya tano.

5. Ndani ya kaseti kuna mkanda mwembamba unaovutika, ndio unaoyazungusha magurudumu. Ukilegea, tepu inajikunja, ukikauka, unakatika. Vitabu vya zamani vinashauri kuanza na `mt retension`, amri ya kuipeleka tepu yote hadi mwisho na kuirudisha ili ikaze sawasawa. Kwa mkanda wa miaka thelathini, mimi sithubutu. Hamisha kwanza mkanda mzima kutoka kaseti nyingine.

6. Kunakili tepu kwenye Linux, ita draivu kwa jina `/dev/nst0`. Ukitumia `st0`, tepu itarudi mwanzo kila ukimaliza faili.

`dd if=/dev/nst0 of=faili1.bin bs=64k`

Amri hiyo inanakili faili moja ya tepu kwenda kwenye diski. Rudia kwa faili2, faili3, mpaka kusiwe na kitu.

Kaseti ya kwanza ya jamaa imesomeka yote. Ya pili mkanda wake umekatika, bado tunatafuta wa kuazima.