Kupima umumunyifu wa kioevu kisichoelewana na maji: tunavyofanya labo, Lubumbashi

Ukifanya kazi ya labo huku Lubumbashi, ipo siku watu wa kiwanda watakuuliza: haya mafuta yetu yanapotelea majini kiasi gani? Viwanda vingi vya shaba vya mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba hutoa shaba kwenye maji ya asidi kwa kutumia kimiminika cha mafuta, na kila viwili hivyo vikikutana, mafuta kidogo huondoka na maji. Kuna yanayoondoka kama matone madogo, na hayo mtambo unaweza kuyadaka. Kuna yaliyoyeyuka kabisa, na hayo hayarudi kirahisi. Umumunyifu ni hesabu ya yaliyoyeyuka tu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni ya kuzuia tone lisihesabiwe kana kwamba limeyeyuka.

Usianze na mafuta ya kiwanda. Anza na tolueni, kiyeyushi cha jamii ya mafuta kinachoelea juu ya maji, kwa sababu jibu lake linajulikana: takriban miligramu 520 kwa lita, kwenye nyuzi 25. Ukipata 900, maji hayajabadili tabia, umepima matone. Ila tolueni hushika moto upesi, hata mvuke wake kwenye joto la chini ya nyuzi 10. Fanyia kazi chini ya kofia ya kuvuta hewa, mbali na jiko na cheche.

Hatua ya 1: jaribio la haraka

Weka mililita 100 za maji kwenye chupa mbili zenye vizibo vya kioo. Moja itie mikrolita 50 za tolueni, nyingine 70. Koroga taratibu, ziache hadi kesho. Ya kwanza (kama miligramu 430 kwa lita) inapaswa kuwa safi. Ya pili (kama 600) itabaki na utando juu. Sasa unajua jibu liko katikati. Kwa kioevu usichokijua, jaribio hili ndilo linalokuambia utumie njia gani.

Hatua ya 2: maji na vyombo

Tumia maji yaliyotoneshwa. Ya bombani yana chumvi, na chumvi hupunguza umumunyifu wa vitu kama hivi. Sabuni ni mbaya zaidi: masalia kidogo kwenye kioo hubeba mafuta majini na kupandisha jibu. Malizia kuosha kwa methanoli, kisha suuza kwa maji yaleyale utakayotumia.

Hatua ya 3: kushibisha maji (yaani kuyafikisha pale yasipoweza kuyeyusha zaidi)

Hapa ndipo wengi huharibu. Kitabu cha kawaida, mwongozo namba 105 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi), una njia ya chupa: tikisa kwenye nyuzi 30, kisha tuliza kwenye 20. Kwa unga ni sawa. Kwa kioevu, kutikisa kunatengeneza ukungu wa matone ambayo yanaweza kuelea siku kadhaa, na kupoza kunaongeza mengine. Sisi tunakoroga polepole.

Chukua chupa ya kioo yenye koki chini, kama lita moja. Weka sumaku ya kukorogea iliyovikwa tefloni, jaza maji, kisha fungua koki kidogo ili mfereji wake ujae maji kabla mafuta hayajaingia. Ukisahau hilo, tolueni inaweza kukaa kooni mwa koki na kukuharibia sampuli zote. Sasa mimina mililita 5 za tolueni kwa pipeti, ukiitelezesha ukutani, itandae juu. Ziba.

Washa sumaku kwa mwendo ambao uso wa maji unabonyea kidogo tu katikati. Ukiona tabaka la juu linavutwa chini au linakatika vipande, punguza mara moja.

Chupa ikae kwenye maji ya nyuzi 25, isikae juu ya mashine tupu, maana mota huipasha. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi ni baridi, na kipasha maji peke yake kinatosha kushika 25. Mwezi wa kumi chumba chenyewe kinapita hapo, utahitaji kupoza. Umeme ukikatika usiku, anza kuhesabu saa upya. Umumunyifu wa tolueni haubadiliki sana kwa nyuzi mbili tatu karibu na hapo, lakini wa vioevu vingine hubadilika, na tabia mbaya hujengwa kwenye vile rahisi.

Hatua ya 4: kuchukua sampuli

Baada ya saa 24, 48 na 72. Zima sumaku, subiri saa moja. Mwaga mililita chache za kwanza za koki. Angaza tochi pembeni ya maji yaliyotoka, chumba kikiwa na giza: mwale ukionekana ndani yake kama njia ya vumbi, bado kuna matone, rudi ukasubiri. Usichuje, utando wa plastiki hunywa tolueni.

Chukua mililita 10 kwa pipeti upesi, uziingize kwenye chupa ya ujazo ya mililita 20 ambayo tayari ina mililita 8 za methanoli, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso. Ukiiacha sampuli wazi ukapiga simu, tolueni imeshaondoka na hewa. Mchanganyiko utapata joto na vipovu; uache upoe ndipo ujaze methanoli hadi alama.

Hatua ya 5: kusoma

Kwanza tengeneza vipimo vya kulinganishia sampuli: pima miligramu 100 za tolueni ndani ya methanoli, jaza hadi mililita 50. Kutoka hapo chukua mililita 0.5, 1, 2 na 3. Kila moja ongeza mililita 10 za maji na ujaze methanoli hadi 20. Umepata miligramu 50, 100, 200 na 300 kwa lita. Soma kwa spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaonyonywa na sampuli) kwenye mwanga wa nanomita 261, kwa kisanduku cha kwatsi. Cha kioo cha kawaida au plastiki huzuia mwanga huo. Maji na methanoli bila tolueni ndiyo sifuri yako. Sampuli ikisoma 262, zidisha kwa mbili: 524.

Hatua ya 6: kuliamini jibu

Majibu mawili ya mwisho yasipishane zaidi ya asilimia 15. Mimi huongeza masharti mawili. Rudia kwa mwendo mdogo zaidi wa sumaku: jibu likishuka, ulikuwa unahesabu matone. Kisha rudia kwa mafuta mara mbili: jibu likipanda, kioevu si kitu kimoja, kuna uchafu unaoyeyuka zaidi kuliko chenyewe.

Sharti hilo la mwisho ndilo litakalokukuta ukifika kwenye mafuta ya kiwanda. Hayo ni mchanganyiko wa vitu vingi, na sehemu zilizo jamii ya tolueni huyeyuka kwanza huku sehemu nzito zikibaki juu. Usimpe mhandisi namba moja. Mwandikie joto, uwiano wa mafuta na maji, na asidi ya maji uliyotumia. Na kioevu kikiwa chini ya miligramu 10 kwa lita, kama heksani iliyo karibu na mpaka huo, spektrofotomita haikufai tena: shibisha kwa njia hiihii, kisha upime kwa kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha vitu vikiwa mvuke na kupima kila kimoja.

Maji yaliyobaki yaende kwenye pipa la taka za kemikali, si kwenye sinki.