Jinsi ya kutafuta kitu mtandaoni bila kumaliza bando

Hapa Mwanga, mjini Kigoma, wateja wengi huja stashenari na simu zenye intaneti mkononi, wakiomba niwatafutie kitu walichokikosa. Mara nyingi kipo. Tatizo ni maneno waliyoandika.

Hatua ya 1: Tumia maneno ya ukurasa unaoutafuta

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Mfanyabiashara anaandika "kwa nini dagaa wamepungua", analetewa mapishi na habari za Mwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wengine kabisa. Hawa wetu wa Ziwa Tanganyika watafiti huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na mgebuka ni Lates stappersii. Andika jina hilo uone ripoti zinavyomiminika. Kama hulijui, anza na "dagaa Ziwa Tanganyika jina la kisayansi". Mimi hutafuta mara mbili: kwanza jina, ndipo habari yenyewe.

Hatua ya 2: Funga maneno yanayokwenda pamoja

"Ziwa Tanganyika" ndani ya alama za kunukuu hutafutwa kama yalivyo, kwa mpangilio huohuo. Usifunge sentensi nzima, utakosa kila kitu.

Hatua ya 3: Chagua tovuti

Andika site: na anwani bila kuacha nafasi. Kwa mfano, site:go.tz uvuvi Kigoma inaleta kurasa za serikali peke yake. Matokeo ya mtihani? site:necta.go.tz. Ukitaka nyaraka, ongeza filetype:pdf.

Nawasihi sana vijana wanaotafuta kazi: someni anwani kabla ya kubonyeza. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz. Ukiona neno ajira limeunganishwa na namba za mwaka, mwisho wake .com, na ukurasa unadai ada ya usaili, ondoka hapo hapo. Na kiungo cha juu kabisa chenye maandishi "Imedhaminiwa" ni tangazo lililolipiwa, kwa hiyo kuwa juu kwake si ushahidi kwamba ni cha kweli.

Hatua ya 4: Ondoa usichokitaka

Ukitafuta MV Liemba utajaziwa historia ya Vita ya Kwanza ya Dunia, maana meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Goetzen. Unayetaka habari za ukarabati, andika "MV Liemba" ukarabati -Goetzen. Kistari kishikane na neno. Kurasa nzuri zenye jina hilo nazo zitaondoka, hivyo jaribu pia bila kistari.

Hatua ya 5: Angalia tarehe

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Habari hizo bado zinazunguka, na mtu anaweza kuzisoma leo akaanika nyavu bure. Ongeza after:2025-01-01 upate za karibuni, kisha tazama tarehe ndani ya habari yenyewe, kwa sababu wapo wanaochapisha upya habari za zamani.

Hatua ya 6: Tafuta ndani ya ukurasa

Ripoti ina kurasa 90, wewe unataka mistari miwili. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F. Kwenye simu gusa vidoti vitatu vya pembeni, chagua sehemu ya kutafuta ndani ya ukurasa, uandike "Kigoma".