Kiwanja cha ziwani Ujiji: usihesabu hatua, pima kimo

Mimi ni fundi mwashi, kazi zangu nyingi ni Ujiji na Kibirizi, huku Kigoma. Mwaka 2016 nilimjengea mama mmoja muuza migebuka vyumba viwili. Tulihesabu hatua kutoka majini, zikafika tisini na kitu, tukaridhika. Sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe inadai mita 60. Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilikuwa sebuleni kwake. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare, ziwa likipanda kidogo tu linatembea mbali.

Kwa hiyo kabla hujamlipa dalali, tafuta mpira unaoonyesha ndani, mita 15 au 20, ule ule wa mafundi wa kusawazishia msingi. Ujaze maji taratibu mpaka mapovu yaishe. Povu moja litakudanganya. Chomeka mti ukingoni mwa maji, mwingine upande wa kiwanjani, pale mpira unapofikia. Shikeni ncha wima, kila mtu na mti wake, maji yakitulia wekeni alama. Tuseme alama ya mti wa chini iko sentimita 140 kutoka ardhini na ya mti wa juu iko 90: ardhi imepanda 50. Hapo mti wa juu unakuwa wa chini, mnasogea mbele, mnajumlisha mpaka kiwanjani. Nendeni alfajiri; upepo ukianza, mawimbi hayakuachii ukingo wa kupimia.

Angalia na mwezi unaopimia. Ziwa hujaa kwenye Aprili na Mei, hulala Oktoba na Novemba, na tofauti yake mwaka wa kawaida inakaribia mita moja. Madalali wanapenda sana kukupeleka Oktoba.

Kisha tafuta nyumba za jirani zenye mstari wa tope ukutani, wa 2021 au 2024. Toka na mpira kwenye mstari huo mpaka kwako. Sakafu ikae juu yake. Mimi siku hizi naongeza kozi, yaani safu, tatu za tofali. Waulize na wazee habari za 1964, ziwa lilipopanda sana. Ukipata nafasi, simama pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, uangalie maji yalivyo mbali leo. Enzi zile ziwa lilikuwa juu zaidi, kabla mto Lukuga haujafunguka vizuri.

Lukuga ndio mlango pekee wa maji ya ziwa kutokea, kule Kalemie, Kongo. Maji mengine yote yanasubiri jua liyakaushe. Jangwani kwa wenzetu wa Dar, mto Msimbazi unafurika, baada ya muda mfupi unashuka. Huku maji yanakaa miezi. Ndiyo maana tofali mbichi usiziguse kabisa. Hata za kuchoma, usizijengee udongo. Kwa mama yule nilijengea udongo tupunguze gharama, ukuta ukalainika kama ugali wa jana uliomwagiwa mchuzi. Weka saruji mpaka usawa wa madirisha.

Choo ndicho kinachosahaulika. Ziwa likipanda, shimo hujaa kutoka chini kabla maji hayajaonekana uani, na kisima cha jirani kinachafuka. Kichimbe sehemu ya juu kabisa ya kiwanja, shimo fupi, kuta za saruji, halafu uinue sakafu yake kwa ngazi tatu nne. Watu watacheka unapanda ngazi kwenda chooni. Waache wacheke.