Umepewa unasihi shuleni na hata chumba huna? Anza hivi

Shule nyingi za kata inaendaga hivi: kikao cha walimu kinakaribia kuisha, mkuu wa shule anakutaja jina, kuanzia leo wewe ndo mwalimu wa ushauri na unasihi, makofi, watu wanatawanyika. Ofisi hujapewa na vipindi vyako viko palepale. We anza tu.

Kama ndo wewe pia mwalimu wa nidhamu, mwombe mkuu akutoe upande mmoja. Hakuna mtoto atakayekuja kukwambia nyumbani hawajala tangu jana wakati asubuhi umemchapa getini kwa kuchelewa, na mara nyingi huko kuchelewa na hiyo njaa ni kesi moja.

Sehemu ya kuongelea tafuta benchi chini ya mti au varanda ya maabara, pale watu wanawaona ila hawawasikii. Mlango wa kufunga achana nao, hasa kama we ni mwanaume na mwanafunzi ni binti. Weka na kisanduku cha vikaratasi chenye kufuli, ufunguo ukae nao wewe, na tafadhali kisiwekwe mlangoni kwa mkuu halafu mshangae mbona hakuna anayeandika.

Akija, salamu, mkalishe, usianze na "mbona umeshuka hivi kimasomo?". Sema ulichokiona: naona siku hizi unasinzia kipindi cha kwanza, jana umelala saa ngapi? Halafu nyamaza, yani nyamaza kweli, hata akikaa dakika mbili anachimba chini na kiatu usimjazie maneno, maana walimu tumezoea kujaza.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie hivi: haya ni yetu, ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujidhuru, itabidi nitafute wa kutusaidia, na utajua kabla sijaenda.

Sasa akikwambia kabakwa au kuna ndugu anamshikashika, hapo we sio mpelelezi, usimrudishe kusimulia mara tatu na usimwite mtuhumiwa "myamalize", hata akiwa mwalimu mwenzako tena hasa akiwa mwalimu mwenzako. Taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia polisi, na namba ya simu kwa watoto ni 116, bure. Kama ni ubakaji, hospitali siku hiyohiyo, asioge wala nguo zisifuliwe, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na kadiri mnavyowahi ndo bora.

Ya mimba wazazi wengi bado wanadhani ndo mwisho wa shule. Waambie tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaojifungua warudi kwenye mfumo rasmi, halafu muulizane nani atabaki na mtoto, maana hapo ndo pa kukwama.

Mambo ya tahasusi, yale masomo matatu ya kuchagua kwenda form five, ni mepesi kidogo. Mzazi anataka PCB, yani fizikia, kemia na baiolojia, mtoto fizikia ana F tangu form two, usibishane nae, mwekee matokeo ya mihula yote mezani asome mwenyewe.

Daftari la kesi andika namba badala ya majina, lifungie. Na staffroom funga mdomo, ukishasema tu "kale kabinti ka form three B, mnajua kwao..." kufika mchana shule nzima inajua, hata kisanduku chako hakitapata karatasi tena.

Kesi usiifunge siku ileile. Baada ya kama wiki mtafute, ila usimwite mbele ya darasa, mwambie akusaidie kubeba madaftari mpaka staffroom, mkiwa njiani ndo umuulize jana amelala saa ngapi.