Kukaza ulinzi wa kompaila kwenye configure.ac

Programu ya C inayopokea uzito wa majani ya chai kutoka kwenye mizani kule Mufindi isiachwe bila kinga: bafa (sehemu ya kumbukumbu inayoshika data kwa muda) ikifurika, kilo zinaharibika na mkulima ndiye anayepunjwa. Kwenye configure.ac, faili la mipangilio ya Autoconf, chini ya AC_PROG_CC (mstari unaotafuta kompaila ya C), ongeza bendera hizi za kompaila (CFLAGS) na za kiunganishi (LDFLAGS):

CFLAGS="$CFLAGS -O2 -U_FORTIFY_SOURCE -D_FORTIFY_SOURCE=2 -fstack-protector-strong -fPIE"
LDFLAGS="$LDFLAGS -pie -Wl,-z,relro,-z,now"

Usiondoe -O2 (uboreshaji wa kompaila): bila uboreshaji wowote, FORTIFY, yaani ukaguzi wa mipaka ya bafa, hailindi chochote, unaambulia onyo tu. -U inafuta thamani ya _FORTIFY_SOURCE ambayo Ubuntu huwa imeshaiweka. Maktaba za .so (zinazoshirikiwa na programu nyingi) zitumie -fPIC, bila -pie, la sivyo kiunganishi kitalalamika kwamba main haipo.

Endesha make clean (faili za .o za zamani hazina kinga), autoreconf -fi, ./configure, make. Kisha, programu ikiitwa mizani, kagua kama -z now imeingia:

readelf -d mizani | grep NOW

Ikikaa kimya, LDFLAGS hazijafika.